Jasho, Utomvu na Mkono wa Mrushaji

Softiboli si mchezo wa pwani yetu, wala sidhani yuko mtoto wa Kibokoni au wa Mkomani aliyekua akiota kuwa bingwa wake. Hata hivyo nimeamua kuuzungumzia leo, kwa sababu umo ndani yake ugomvi mmoja ambao sisi watu wa joto na jasho huenda twaufahamu kuliko hao wenye mchezo. Ni ugomvi wa mkono unaoteleza, na wa nani aamue mkono huo ukaushwe kwa kitu gani.

Akina dada waliosoma shule zetu za msingi watakumbuka raundasi. Basi softiboli ni jamaa yake. Yuko mrushaji na yuko mpigaji mwenye gongo. Mrushaji hurusha mpira kwa mkono wa chini, yaani mkono huzungushwa kama gurudumu na mpira huachiwa karibu na paja. Mchezo huu ulizaliwa mjini Chicago mwaka 1887, ukichezwa ukumbini wakati wa baridi, kisha ukatoka nje na ukaja kupendwa mno na wanawake wa Marekani na wa Japani. Jina lake lina maana ya mpira laini, lakini jina lisimdanganye mtu; mpira wenyewe ni mgumu, na mzingo wake ni kama sentimita 30, mkubwa kuliko ule wa besiboli wanaocheza wanaume. Katika mashindano makubwa ya wanawake mrushaji husimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, ndiyo mita 13 hivi. Walio hodari huurusha mpira kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kufikiri.

Sasa, siri ya mrushaji haiko katika nguvu peke yake. Iko katika vidole. Dakika ile ya mwisho mpira unapotoka mkononi, vidole huukwaruza na kuufanya uzunguke wenyewe hewani, na mzunguko huo ndio unaoupindisha. Ukizungushwa hivi, mpira hudidimia miguuni mwa mpigaji. Ukizungushwa vile, huenda kando. Ukizungushwa kwa namna ya tatu, mpigaji huapa kwamba ameuona ukipanda juu. Vidole vikikamata sana, mpira huzunguka sana. Vidole vikilowa jasho, mpira huteleza na kwenda usikotakiwa, na pahali usipotakiwa kabisa ni kichwa cha mpigaji.

Hapo ndipo penye kitendawili ambacho watunga kanuni wamehangaika nacho kwa zaidi ya miaka mia moja. Mkono ukiachwa ulowe, mpigaji yumo hatarini. Mkono ukitiwa gundi, mpigaji anaonewa. Wamejaribu kupita katikati. Kanuni za softiboli, kwa jumla, zasema kwamba mrushaji asipake kitu chochote cha kigeni katika mpira, wala mkononi, wala vidoleni. Lakini chini ya macho ya mwamuzi anaruhusiwa kutumia poda ya kukausha mikono. Akiramba vidole, avifute kabla ya kuugusa mpira. Neno lililotumika ni kukausha. Nalo ndilo neno ninalotaka tulitazame kwa makini, maana ukilishika kwa nguvu halishikiki.

Poda iliyokusudiwa tangu zamani huitwa rozini. Huu ni utomvu wa msonobari uliochemshwa mpaka mafuta yake yakaruka, ukabaki kama kioo cha rangi ya asali, kisha ukasagwa na kutiwa katika kifuko cha nguo. Msomaji asidhani ni kitu kigeni kwetu. Kila mpiga fidla wa taarabu anao mkebeni mwake. Bila ya kuusugua katika nyuzi za upinde, fidla haitoi sauti, hupita kimya kama mtu anayepangusa kioo. Tena ndugu yake rozini, yaani sandarusi, ni bidhaa iliyopata kuitajirisha Unguja katika karne ya 19, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa mabaharia wa Salem, Marekani, waliokuja kuipakia kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Kwa hiyo Mmarekani na utomvu wa miti wamejuana siku nyingi, na baadhi ya kujuana huko kulipitia bandari zetu.

Ama swali langu ni hili. Mpiga fidla anapousugua utomvu ule katika upinde, je, anakausha nini? Hakaushi kitu. Anautia upinde unato ili uukamate uzi. Na mkononi ni vivyo hivyo. Rozini hainywi maji. Anayetaka kitu cha kunywa jasho atumie ile chokaa nyeupe wanayojipaka wanasarakasi na wapanda majabali, ambayo hufyonza unyevu. Rozini kazi yake ni nyingine: ikipata joto la mkono na msuguano wa vidole hulainika na kuanza kunata. Kanuni imeiita kikausho, na miaka yote hii watu wameinamisha vichwa na kuitikia. Mtoto wa pwani aliyewahi kutega ndege kwa ulimbo angewaambia kwa kugusa tu kwamba wamemwita paka jina la kuku.

Sisemi haya ili kuwacheka. Nasema kwa sababu ubovu wa neno hilo moja umewagharimu watu kazi na heshima, na mfano mkubwa ni huo mchezo wa besiboli, ambao ni mama yake softiboli na ambao kanuni zake katika jambo hili zafanana na za binti.

Zamani warushaji wa besiboli walikuwa wakiutemea mpira mate waziwazi. Mwaka 1920 wakubwa wa mchezo wakapiga marufuku, ila warushaji 17 ambao riziki yao ilitegemea mate waliachwa waendelee mpaka watakapostaafu. Wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliacha kucheza mwaka 1934. Mwaka huohuo wa 1920, mwezi wa Agosti, mchezaji wa Cleveland aitwaye Ray Chapman alipigwa na mpira kichwani akafa. Ingawa marufuku ya mate ilikuwa imekwisha tangazwa miezi kabla, kifo hicho kiliwafanya watu waache kuuona mpira uliochafuliwa kuwa ni mzaha.

Waliacha kuuona kuwa mzaha kwa muda gani? Si mrefu. Gaylord Perry alirusha kwa miaka zaidi ya 20 huku kila mtu akijua kwamba anapaka mafuta; mwaka 1974 akatoa kitabu akikiri mwenyewe, na hakuwahi kutolewa uwanjani kwa kosa hilo mpaka mwaka 1982. Mwaka 1991 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo. Mwaka 1987 mrushaji Joe Niekro alipoambiwa atoe vilivyomo mfukoni, tupa ya kucha iliruka mbele ya umati. Watu wanaisimulia hadithi hiyo mpaka leo kwa kicheko.

Mwaka 2014 ndio ulionifungua macho mimi. Michael Pineda wa New York alikamatwa mjini Boston akiwa amejipaka lami ya msonobari shingoni, doa linang'aa mbele ya kamera. Akafungiwa michezo 10. Lakini sikiliza walivyosema wengi wa upande wa pili: hawakukasirika kwamba amepaka, walikasirika kwamba amepaka peupe. Usiku ule ulikuwa wa baridi, wakasema, na mpigaji naye hapendi kurushiwa na mtu asiyeujua mpira wake unaelekea wapi. Hapo kanuni ilikuwa imekwisha kufa, imebaki sanda tu. Kilichokuwa haramu si kunata bali kuonekana.

Mambo ya namna hiyo hayakai palepale. Palipoachwa lami kidogo, wajanja walileta gundi za viwandani, zile ambazo mashujaa wa kunyanyua mawe mazito hujipaka ili jiwe lisiwaponyoke. Zikaja pia mashine za kuhesabu mzunguko wa mpira kwa dakika, na mrushaji akaweza kuona kwa tarakimu faida anayoipata kwa kila tone la gundi. Wapigaji wakawa wanakosa na kukosa. Ndipo mwezi Juni mwaka 2021, msimu ukiwa katikati, wakubwa wa besiboli walipoamka na kutangaza kwamba kuanzia tarehe 21 kila mrushaji atakaguliwa mikono, kofia na mshipi, na atakayekutwa na unato atatolewa na kufungiwa michezo 10. Tarakimu za mzunguko zikaanguka. Dawa ilifanya kazi, hilo nakiri.

Lakini dawa ya ghafla ina madhara yake. Tyler Glasnow, mrushaji wa Tampa Bay, aliumia kiwiko siku zile zile. Alisema hadharani kwamba alikuwa akitumia mafuta ya kuzuia jua pamoja na rozini, akaacha mara moja, akalazimika kuukaba mpira kwa nguvu asiyoizoea, na kano ikachanika. Baadaye alifanyiwa upasuaji. Madaktari watabishana kama sababu ni hiyo au la. Mimi nachukua jambo moja katika maneno yake: mtu aliyeachwa miaka mingi afanye kitu, kisha akakatazwa katikati ya safari, alistahili walau kupewa msimu wa mapumziko ajizoeze upya. Kanuni iliyolala usingizi mrefu hivyo haina haki ya kuamka na rungu.

Na wa kwanza kupigwa rungu alikuwa nani? Hector Santiago wa Seattle, tarehe 27 Juni 2021. Waamuzi walisema glavu yake inanata. Yeye akasema ni rozini na jasho tu, vitu viwili ambavyo vyote ni halali. Akafungiwa michezo 10. Miaka miwili baadaye, Aprili 2023, yakamfika Max Scherzer, mmoja wa warushaji mashuhuri wa zama hizi, akiwa Los Angeles. Aliambiwa mkono wake unanata, akaoshe. Akaenda kuuosha kwa spiriti mbele ya ofisa wa ligi, akarudi, akapaka rozini, akakaguliwa tena, na mwamuzi akasema sasa unanata zaidi kuliko mwanzo. Akatolewa, akafungiwa michezo 10, huku akiapa kwamba hakupaka ila rozini na jasho.

Sijui moyo wa Scherzer na sitamtetea wala kumhukumu. Ila seremala yeyote wa Lamu angeweza kuwaeleza mabwana wale jambo ambalo hawakulifikiri: utomvu huyeyuka katika spiriti. Ndiyo njia ya zamani ya kutengeneza vanishi. Umwambie mtu aoshe mkono wa utomvu kwa spiriti, kisha umpe kifuko cha utomvu ajipake tena huku akitoka jasho, halafu ushangae kwamba mkono umenata! Kanuni ilikuwa imempa kwa mkono wa kulia kile ilichomwadhibu kwa mkono wa kushoto. Na kipimo kilikuwa nini? Kidole cha mwamuzi. Hakuna chombo, hakuna kiasi kilichoandikwa. Kidole cha huyu husema kinanata, kidole cha yule husema ni kawaida.

Wapenzi wa kriketi, na hapa Mombasa wapo wengi waliokaa siku nzima katika uwanja wa Mombasa Sports Club, watakuwa wamekwisha kuniwahi. Wao wanakumbuka Cape Town, Machi 2018, Cameron Bancroft wa Australia alipoonekana akiusugua mpira kwa kipande cha msasa. Yeye alifungiwa miezi tisa, Steve Smith na David Warner miezi 12. Wanakumbuka pia kwamba wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020, kriketi ilikataza kuusugua mpira kwa mate, na kuanzia Oktoba 2022 katazo hilo likafanywa la kudumu. Jasho likabaki halali. Hilo nalisifu. Mtu anaweza kulipenda au kulichukia, lakini analielewa: mate hapana, jasho ndiyo. Halina kidole ndani yake. Na katika mpira wa mikono, ule wa kutia goli kwa mkono, Wazungu hupaka gundi ya utomvu mchana kweupe na hakuna anayemwita mwenziwe mdanganyifu. Kitu ni kile kile. Uhalali wake watoka katika mapatano ya wachezaji, si katika mti.

Tuirudie softiboli, ambayo ndiyo hoja yetu. Mchezo huu ulikuwa na busara kuliko mama yake katika jambo moja: kwa maneno yale ya "chini ya usimamizi wa mwamuzi" ulikiri tangu mwanzo kwamba mkono utalowa na kwamba haja ya kuukamata mpira ni haja ya kweli. Lakini umekosa jambo jingine. Vitabu vya kanuni ni vingi, cha shule hiki, cha vyuo kile, cha mashindano ya mataifa kile kingine, na havisemi kwa sauti moja. Kimoja kinataja rozini kwa jina; kingine kinasema tu "kikausho" na kumwachia mwamuzi maana. Katika mwanya huo wameingia wafanyabiashara. Leo vinauzwa vifuko vya kitambaa vilivyotiwa nta ya nyuki, krimu zinazokauka zikawa poda, na vitu vingine vya kila jina, na kila mwuzaji aandika kwamba chake hukausha. Hakuna mwuzaji mpumbavu wa kuandika kwamba chake hunata.

Anayebeba mzigo wa mwanya huu ni mrushaji mwenyewe, na katika softiboli mrushaji mara nyingi ni msichana wa miaka 14 au 16. Wiki hii anacheza chini ya kitabu kimoja na kifuko chake ni halali. Wiki ijayo kitabu kingine, na kifuko kile kile kinamfanya aonekane mwizi mbele ya wazazi na wenziwe. Tena hapa pana jambo ambalo wasomaji wangu, hasa kina mama, watalitambua bila ya kuelezwa sana. Ukaguzi wa besiboli ni mwanamume mzima kumshika mwanamume mwenziwe mkono, kumpekua kofia na mshipi. Ukihamishwa kama ulivyo uletwe kwa wasichana, na mwamuzi mara nyingi ni mwanamume, basi umeleta fedheha nyingine kabisa. Kumtaka mtoto wa kike anyooshe viganja vitazamwe ni sawa. Kumpapasa kiunoni kutafuta gundi si sawa, hata kama kitabu kimeruhusu, na chama chochote kinachotaka wasichana wa namna zote wajiunge, wakiwemo wa Kiislamu wanaocheza kwa hijabu na mikono mirefu, sharti kiandike mapema nani akague, aguse nini na asiguse nini.

Baadhi ya watu husema suluhisho ni kukataza vyote. Mkono mtupu na mpira mtupu, basi. Wanaosema hivyo aghalabu hukaa penye kivuli. Warushe wao mpira huo saa nane za mchana wa Julai. Tena mpigaji atakayepigwa shavuni hatafarijika kwa kujua kwamba mkono ulioteleza ulikuwa safi. Wengine husema ruhusu vyote, kila mtu apake atakacho. Hao nao wameona yaliyotokea kabla ya mwaka 2021: mwenye gundi kali ndiye aliyeamua mchezo, na asiyetaka kupaka alilazimika kupaka ili asiachwe nyuma.

Rai yangu mimi ni ndogo na haina gharama. Kwanza, liondolewe neno "kikausho" na mahali pake viandikwe vitu vyenyewe kwa majina, vichache, na kisichotajwa kiwe kimekatazwa. Pili, kifuko kiwe kimoja, kitolewe na waandaaji, kiwekwe nyuma ya kituo cha kurushia na kitumiwe na pande zote mbili. Besiboli inafanya hivyo kwa rozini yake, na kwa hilo iigwe. Mtoto wa tajiri na mtoto wa fukara watie mkono katika kifuko kile kile. Tatu, mwamuzi akiona mkono umezidi, amri yake ya kwanza iwe ni kuosha kwa maji na sabuni, si spiriti, na mchezo uendelee. Adhabu ya kumwondoa mtu ingojee mpaka kipatikane kitu kisichomo katika orodha, si kuhisi kwa kidole tu.

Wakati wa kuyafanya haya upo, lakini si mwingi. Softiboli iliingizwa katika Olimpiki mwaka 1996, ikatolewa baada ya 2008, ikarudi Tokyo mwaka 2021 ambako Japani iliifunga Marekani 2 kwa bila katika fainali, ikakosekana Paris 2024, na inarudi tena mwaka 2028. Michezo ile ni ya Los Angeles, lakini softiboli itachezewa mbali, Oklahoma City, katikati ya bara, mwezi wa Julai, ambapo joto la huko si la kufanyia utani. Mikono italowa kutoka mzunguko wa kwanza. Kamera zitakuwepo karibu kuliko zilivyokuwa kwa Pineda, mashine za kuhesabu mzunguko zitakuwa zikitoa tarakimu kwa kila mpira, na timu za mataifa mbalimbali zitakuwa zimetoka nyumbani na vifuko vyao. Mimi nitatazama mrushaji wa kwanza atakayetia mkono mfukoni, na nitamtazama mwamuzi atafanya nini.